Mdogo Wangu na Tiketi ya Mbeya

Wakati wa masika, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukianza kuchuruzika, babu yangu alikuwa harudi nyumbani mpaka afuatwe. Nilitumwa mimi. Nilimkuta kilabuni upande wa Tosamaganga, nikamshika koti, tukashuka kwetu Kalenga taratibu.

"Wewe mume mwenzangu," alinitania njiani, "leo mke wetu kapika nini?"

"Kapika hasira."

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope, na kumwinua ikawa kazi nyingine. Alikuwa mzito yule mzee, Mungu amlaze pema.

Basi kuongoza mtu nilikujua kabla ya kusoma, na kusoma kwenyewe niliishia darasa la tatu. Surua ilipomchukua macho mdogo wangu, hakuna aliyeuliza nani atamshika mkono. Tumezeeka hivyo, mimi mbele, yeye nyuma.

Miaka ya karibuni alikuwa na neno moja tu: Mbeya. Rafiki yake, naye haoni, ana karakana ya kusuka viti kule Uyole, akamwita wafanye kazi pamoja. Mimi kila mara nasema ngoja kwanza tuvune nyanya. Nyanya haziishi, jamani. Ukimaliza hizi, zile zinaiva.

Ndipo kanisani wakatangaza semina mjini Iringa. Vijana wanaotengeneza tovuti, yaani zile kurasa unazofungua kwenye simu, walikuwa wanafundishwa kuzitengeneza ili hata asiyeona azitumie, na walitafuta wasioona wa kuzijaribu. Tukaenda. Mwalimu, dada mmoja mchangamfu, akaiwekea simu ya mdogo wangu sauti ya kusoma kila kilichoandikwa. Akamuuliza angependa kujaribu nini. Mnadhani alisema nini? Tiketi ya basi la Mbeya.

Simu ikasoma vizuri, safari, tarehe, mpaka kwenye viti. Hapo ikawa, "Picha. Picha. Picha."

Nikachungulia. "Hivyo ni viti, bonyeza hicho cha dirishani."

"Samahani, baba," mwalimu akasema. "Ukimsaidia, hatutajua tulipokosea."

"Mwambie tena, dada!" mdogo wangu akadakia. "Huyu kaka, hata daktari akiniuliza tumbo linauma wapi, anajibu yeye."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikatoka nje kunywa chai. Nilijiuliza, sifichi, kama huyu hanihitaji, mimi nitakuwa nani pale nyumbani?

Kijana mwenye ukurasa ule alishinda akiandika maneno kwenye kila picha. Jioni wakaniita. Nikasimama mlangoni, mdomo nimeufunga. Simu ikasema, "Kiti cha dirishani, kiko wazi." Mdogo wangu akabonyeza. Watu wakapiga makofi. Mimi nikidhani ni mazoezi tu, kumbe mwenzangu amekata tiketi ya kweli.

Siku ya safari nilimbebea begi mpaka stendi. Konda akanigeukia mimi. "Mzee, huyu anashuka wapi?"

Nikanyamaza. Ilikuwa ngumu, lakini nikanyamaza.

"Niulize mimi, mwanangu," mdogo wangu akasema. "Uyole."

Akalichukua begi mkononi mwangu, akaupapasa mlango wa basi kwa fimbo yake nyeupe, akapanda. Hakugeuka, ageuke aone nini? Na mpaka leo hajarudi, anasuka viti.