Bibi Adelfina Alitaka Kulala Bukiriro

Bibi yangu Adelfina alipiga mluzi mpaka uzee wake. Kwetu Bukiriro mwanamke hapigi mluzi, wanasema anaita nyoka. Yeye alikuwa anajibu, "Waje tu, nitawauliza wamekula nini." Alikwenda gulioni kwa baiskeli ya kiume, suruali ndani, kitenge juu. Na siku ya kukamua ndizi alinawa miguu, akaingia mwenyewe kwenye mtumbwi wa kukamulia, kazi ambayo kwetu ni ya wanaume watupu. Wakimwambia pombe ya rubisi itaharibika, aliwaambia, "Basi msinywe." Walikunywa.

Mama yangu alikuwa mtoto wake pekee. Alifariki nikiwa darasa la pili, Bibi akanilea. Baba wa mama yangu, Bibi hakumtaja kamwe. Ukimwuliza, anasema, "Alikuwa mpita njia, na siku hiyo njia ilikuwa nzuri." Halafu anacheka mpaka anajishika mbavu.

Lakini kabla ya hapo aliwahi kuolewa. Akiwa msichana, wazazi wake walimwoza kwa mfugaji wa Kisukuma aliyeitwa Shibuda, kule Nemba, Biharamulo. Ng'ombe wa mahari waliswagwa kwa miguu mpaka Bukiriro, watu wakatoka nje kuwatazama. Hakukaa sana. Siku moja nilimwuliza kama alikuwa anapigwa.

"Hapana, mjukuu wangu. Shibuda hakunipiga hata kofi. Alinichunga. Nikienda kisimani, nachungwa. Nikiongea na mtu, nachungwa. Nikaona hapa nitaota mkia." Alfajiri akaondoka, hana hata mzigo.

Kimila, mwanamke akimwacha mumewe, ng'ombe lazima warudi. Wasiporudi, yeye bado ni mke wa watu, hata akizeekea kwao. Wazazi wake walikuwa wameshafariki, kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya kaka yake, Babu Fideli. Akawatoa zizini, akaondoka nao na fimbo yake. Aliporudi akamwambia, "Dada, nimewafikisha. Uko huru."

Bibi aliisimulia siku hiyo kama wengine wanavyosimulia harusi yao. Alitengeneza rubisi, akaita majirani, akacheza mpaka kitenge kikamdondoka. Fideli alikalishwa kiti cha mbele, akanywa. Haikupita muda naye akaoa, akamleta Bernadetha kutoka Kibimba. Alisema ng'ombe wa mahari amesaidiwa na rafiki. Bibi akacheza tena.

Tangu hapo, kila msimu, Bibi hakugusa shamba lake kabla hajamlimia Fideli. Maharage ya Fideli yalipaliliwa kwanza, yetu baadaye, mengine yakisongwa na magugu. Nilikuwa nanung'unika, mgongo unaniuma. Ananiambia, "Lima, Teddy. Huyu ndiye aliyenifungua kamba."

Alikuwa na kitu kimoja tu anachokitaka. Alinionyesha mahali kwenye migomba yake, kando ya kaburi la mama yangu. "Mtanilaza hapa. Nimemwacha mwanangu peke yake muda mrefu." Fideli alikuwepo. Akasema, "Nani atakukatalia, dada?"

Bibi alifariki mwaka jana, wakati wa masika. Vijana walichimba kaburi palepale. Tulikuwa tunamsubiri katekista, likaingia gari la mizigo kutoka Nemba. Akashuka mzee mmoja, akavua kofia. Alikuwa Paschal, mtoto wa Shibuda kwa mke mwingine. Shibuda mwenyewe ameshakufa zamani.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba." Akawageukia wazee. "Tumekuja kumchukua mama yetu. Mzee alituachia neno, mke wake alale kando yake."

Watu wakaguna. Jirani mmoja akacheka kabisa. "Adelfina mke wa nani? Huyo mume angemshikia wapi?"

"Ng'ombe wenu walirudi," nikasema. "Walirudi mimi sijazaliwa."

Paschal alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mwanangu, lile zizi nilikuwa nalichunga mimi. Hatukuona hata kwato. Kimila hata wewe ni mjukuu wetu."

Wote tukamgeukia Babu Fideli. Alikuwa anaondoa tope kwenye kiatu kwa kijiti. Aliendelea kuondoa.

"Mzee Fideli," mwenyekiti wa kitongoji akamwuliza, "uliwakabidhi kwa nani?"

Bibi Bernadetha ndiye aliyesimama, mke wake, mtu asiyeongea kwenye baraza. "Waambie, Fideli. Au niseme mimi? Ng'ombe wa Adelfina ndio walionitoa mimi kwetu Kibimba." Akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Nikakumbuka lile jembe, ile migongo yetu miwili kwenye shamba lake, na yeye anapita na fimbo anasema, "Mungu awabariki." Miaka yote hiyo.

Paschal hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Hatukuja kugombana. Tukipewa ng'ombe wetu hata leo, tunageuza gari, mnamzika hapahapa."

Nikapata matumaini. Zizi la Fideli linaonekana kutoka pale tulipokaa, na ng'ombe walikuwemo, tunawasikia. Nikapiga magoti mbele yake, mwanangu Derick mgongoni.

"Babu, watoe. Nakuomba. Tutakulimia, mimi na mume wangu, mpaka uchoke kutuona."

"We mtoto, simama," akasema. "Nitoe ng'ombe aliye hai kwa ajili ya maiti? Udongo ni udongo. Dada yangu namjua, mwenyewe asingekubali nibaki bila maziwa."

Hilo ndilo lililoniua. Kwa sababu ni kweli, asingekubali. Fideli alichukua wema wa dada yake akaufanya fimbo ya kumswagia Nemba.

Wazee walinong'ona, wakakuna vichwa, wakasema mila ni mila. Katekista alipofika alisema kuzika ni jambo la ukoo, yeye atasali popote. Jeneza likapandishwa garini. Lakini kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita mtu mwingine. Vijana wakakata mgomba, wakaulaza ndani, wakaufukia kando ya mama yangu. Nilisikia udongo unavyoanguka juu yake. Sauti ni ileile.

Nemba walitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Walitupa chakula, walitutandikia mikeka. Mtu ambaye hakuwahi kumwona Bibi akasoma wasifu wake: mke mtulivu, mtiifu, aliyeishi kwa amani katika boma la mumewe. Akashushwa kando ya Shibuda. Wakamwita Babu Fideli, kama ndugu wa marehemu, atupe udongo wa kwanza. Akalia. Si kilio cha kuigiza, nilimtazama vizuri, machozi yalikuwa ya kweli. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa anaigiza.

Wakati wa kurudi tulipanda garini nyuma. Akaja, akaninyooshea mikono.

"Umechoka, Teddy. Nipe kitukuu wangu nimbebe."

"Amelala, Babu."

Derick alikuwa mgongoni kwangu, macho yamemtoka, anamtazama. Fideli akamwona. Akashusha mikono, akazunguka gari, akaenda kukaa mbele na dereva.