Povu la Mafuta ya Nyonyo

Nililichoka lile povu kabla halijafanikiwa hata mara moja. Kaka yangu alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magodoro, akarudi Tunduma akituambia kwamba mafuta ya nyonyo yakichanganywa na dawa ya kiwandani huumuka, kisha yanakauka na kuwa povu gumu, jepesi, lisilopitisha joto. Tungelimimina ndani ya kuta za masanduku ya kubebea samaki kutoka Kamsamba, ili barafu isiyeyuke njiani.

Dawa tuliinunua ng'ambo ya mpaka. Mafuta alitupikia mama, kama alivyoyapika maisha yake yote: alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha kwa maji, akaengua yaliyoelea.

Kwenye sanduku la kwanza povu liliumuka kupita kiasi, likapasua mbao, kisha likamomonyoka kama mkate mkavu. La pili vilevile. La tatu nililitupa bila kulitazama. Kila mara tuliilaumu dawa. Kaka alijua, nami nilijua, kwamba mafuta yana maji, maana tulipoyapasha moto yalitatarika, na maji yakikutana na ile dawa hulifurisha povu kupita kiasi. Lakini nani angemwambia mama kwamba mafuta yake ni mabaya?

La nne lilipopasuka, mama aliweka mwiko chini.

“Mafuta yangu yana maji,” alisema. “Yanataka yakae motoni mpaka yanyamaze, na mgongo wangu hauwezi tena. Masanduku manne nimengoja mmoja wenu aniambie, mama, pumzika.”