Mdhamini kutoka Kiswere

Dativa Valentini alikuwa na miaka thelathini na sita, shahada ya uzamivu ya sayansi ya bahari, na godoro sebuleni kwa mama yake mjini Lindi. Miaka miwili alituma maombi ya uhadhiri kila palipotangazwa. Vyuo vilitaka mtu aliyekwisha kufundisha. Angefundisha wapi kabla ya kuajiriwa, hakuna aliyemwambia. Mashirika nayo yalimwogopa. "Wewe msomi sana, hutakaa," walimwambia, tena kwa sauti ya kumsifu.

Basi safari hii akaipunguza elimu yake. Shirika moja lilitafuta mratibu wa vikundi vya wavuvi, mwenye shahada ya kwanza. Dativa akafuta uzamivu, akafuta uzamili, na ile miaka minne aliyokaa kijijini Kiswere akipima pweza kwa utafiti wake akaiandika kuwa kazi ya kujitolea. Ilimuuma kama kumkana mtoto wa kumzaa.

Walitaka pia mdhamini wa kijijini. Akamweka Mzee Abilahi, mwenyekiti wa kamati inayolinda mwamba wa pweza Kiswere, kisha akampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dokta. Hujambo?"

"Sijambo. Nina ombi. Watu wakikupigia kuniulizia, nitaje Dativa tu. Hiyo Dokta iache kidogo."

"Kwani umewakosea nini?"

"Sijawakosea. Wakisikia hivyo hawanipi kazi."

"Haya, nimekuelewa," alisema mzee, na wala hakuwa ameelewa.

Kiswere hawamtaji mtu kwa jina tupu mbele ya wageni. Mwalimu aliyestaafu zamani bado ni Mwalimu, na fundi anayetetemeka mikono ni Fundi mpaka kaburini. Kumnyima mtu cheo chake ni kumvua nguo hadharani. Na cheo cha Dativa, Mkristo wa watu, kilisomewa dua msikitini na kupikiwa pilau.

Usaili ulifanyika Kilwa Masoko, ukaenda vizuri mno. Wasaili walikwisha kumuuliza ataanza lini. Ikabaki simu moja tu. Mkuu wao, Bi. Bertha, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Mzee, unamfahamu Dativa Valentini?"

"Nani asiyemfahamu!" Sauti ya Abilahi ilijaa chumba. "Dokta Dativa huyo! Daktari wa pweza, si wa sindano. Siku alipopata udokta tulichinja mbuzi. Na msimpe kazi ndogo!"

Dativa alitamani ardhi ipasuke immeze. Na bado, katikati ya aibu ile, moyo ulimjaa. Hakuna profesa aliyewahi kumtaja kwa furaha namna hiyo.

"Kwa nini umetuficha?" Bi. Bertha aliuliza taratibu.

"Kwa sababu ningesema, msingeniita."

"Tungekuita, dada. Lakini umesaini hapa kwamba hujaficha kitu." Akafunga faili.

Dativa alikuwa hajafika hata barabarani simu ilipoita. Alikuwa Mzee Abilahi, anahema kwa furaha.

"Dokta, wamenipigia! Jina tupu limenishinda, mwanangu, nisamehe. Ila nimekusemea vizuri?"

Alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alikuwa na hasira, lakini si ya kumpa mzee huyu.

"Umenisemea vizuri sana, mzee. Hakuna aliyewahi kunisemea hivyo."

Akakata simu kabla hajaulizwa anaanza lini.