Karani Aliyeandika Neno la Kurudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapa neno moja mara sita, na mara zote sita nikalikosea. Ilikuwa katika ofisi ya wakili mjini Kajiado, chumba kidogo nyuma ya duka la dawa za mifugo. Mimi ni Mkamba wa Mashuuru, nilikuwa nimetoka chuo cha uchapaji juzi tu. Neno lenyewe lilikuwa hereditaments. Wakili, mzee mpole asiyependa makelele, alichukua karatasi ya sita akaitazama.

"Mutheu, unajua unachoandika?"

"Hapana, Wakili."

"Ndiyo maana unakosea. Hiyo ni kila kitu ambacho mtu akifa kinamwendea mrithi wake. Shamba, nyumba, hata haki ya kupita kwa jirani. Haya, andika tena."

Niliandika, nikapata.

Kiingereza cha hati za zamani hakikuwa kile nilichofundishwa shule. Messuage ilikuwa nyumba pamoja na boma lake. Seisin ilikuwa kushika ardhi kwa kweli, si kwa mdomo: muuzaji alichimba donge la udongo lenye nyasi, akamwekea mnunuzi mkononi mbele ya majirani, na hapo shamba likawa limehama. Siku moja Wakili aliniambia kwamba chattel, yaani mali inayohamishika, na cattle, ng'ombe, hapo kale vilikuwa neno moja. Nilisimamisha mashine. Nje ya dirisha Wamasai walikuwa wakishusha ng'ombe kwenda mnadani, na mimi nilikuwa nimedhani Waingereza ni watu wa karatasi tu.

Baada ya miaka kadhaa niliajiriwa na serikali, nikawa karani wa masjala, chumba kinachohifadhi majalada ya ardhi. Mkubwa wetu alikuwa Msajili wa Ardhi, mama mrefu mwenye sauti nzito. Kupekua majalada tulikuita kufanya search, na yeye hakutaka ifanywe kwa haraka. "Usiniambie hakuna," alikuwa akisema. "Niambie umetafuta wapi."

Asubuhi moja ya kiangazi aliingia bibi mmoja wa Kimasai, amefunga shuka juu ya sweta, miguu imejaa vumbi. Aliitwa Nasieku. Alikuwa mjane, na boma lake lilikuwa nje ya Kitengela.

"Takwenya," alinisalimu.

"Iko, Kokoo," nilijibu, yaani nyanya kwa Kimasai. "Keti hapa."

Hakuketi. "Jirani mpya ameweka waya. Njia yetu ya mto iko ndani ya waya. Niko na ng'ombe kumi na moja, wawili wanasimama kwa shida. Chifu anasema huyo mtu ako na title, na title yake haina njia."

Nilitoa jalada la jirani. Chifu alisema kweli. Hati ilikuwa safi, haina njia yoyote.

"Hiyo njia mlipewa na nani, Kokoo?"

"Bwana yangu alinunua kwa mzungu. Alisema njia iko kwa karatasi. Mimi sikusoma."

Nilimweleza Msajili. Kabla ya hati za siku hizi kulikuwa na majuzuu makubwa ya ngozi yaliyoandikwa kwa mkono, yamefungiwa chumba cha nyuma. Alinipa ufunguo.

Nilitafuta siku tatu. Kokoo alikuja kila siku akaketi kwenye benchi ya nje bila kuniuliza kitu. Siku ya pili aliniambia tu kwamba mmoja wa wale wawili amekufa. Niliporudi ndani sikuweza kusoma kwa muda.

Siku ya tatu, mchana, niliipata. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mwenye shamba la Kokoo, ilisema, yeye na warithi wake, ana haki milele to pass and repass, with or without cattle, juu ya ardhi ya jirani mpaka mtoni. Hati ilipobadilishwa kuwa mpya, mtu fulani aliruka mstari huo. Lakini haki haikuwa imefutwa. Ilikuwa imelala tu mle kwenye ngozi.

Msajili alisoma akiwa amesimama. Aliwaita Kokoo na jirani yake. Jirani, mfanyabiashara wa makamo, alikuja na hati yake mkononi.

"Madam, yangu haisemi hivyo."

"Yako ilizaliwa na hii. Soma mwenyewe."

Alisoma, akarudia, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia Kokoo. "Mama, walioniuzia hawakunionyesha hii. Ningejua nisingefunga."

"Fungua basi," alisema Kokoo.

Kabla ya kuondoka aliniomba nimsomee maneno yenyewe, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Nikasoma: kupita na kurudi, ukiwa na ng'ombe au bila ng'ombe. Aliinamisha kichwa akasikiliza kana kwamba ni maombi.

"Huyo aliyeandika alikuwa anajua ng'ombe," alisema.

Kesho yake nilikwenda na mpima ardhi kuweka alama. Waya ulikuwa umekatwa tayari. Ng'ombe kumi walipita mbele yetu, mbavu nje, na waliponusa maji wakaanza kukimbia. Nilisimama pale nikilia mbele ya mpima ardhi, wala sikuona aibu.

Sasa nimestaafu, niko Kitengela. Hati imekuwa ukurasa mmoja, na search mnafanya kwa simu. Ni vizuri, watu hawasumbuki. Lakini mara nyingi humfikiria karani aliyeandika mstari ule. Hakuacha jina. Pengine alikuwa amechoka, mkono unamuuma, na mkubwa wake hakuwa anaangalia. Angeandika kupita tu, aache kurudi, na nani angejua? Aliandika yote mawili. Hakumjua Nasieku, wala Nasieku hakuwa amezaliwa, na bado alimfungulia njia ya kwenda mtoni na ya kurudi nyumbani.