Mara Tatu na Mlango Umefungwa

Baba alikuwa anaishiwa nguvu kule Msimbu, na ramani ya shamba letu ilikuwa kichwani mwake tu: mpaka unapita wapi, nani kazikwa chini ya mkorosho upi. Hakuna aliyewahi kuiandika. Basi kila Ijumaa mdogo wangu wa kike alikaa naye mkekani, akamrekodi kwa simu, kisha akaipandisha sauti kwenye seva yangu, kompyuta niliyoikodi nchi za mbali na kuisimamia kutoka kibandani kwangu Maili Moja. Wazo la seva lilikuwa langu. Nilijiona mjanja kweli.

Siku moja nikafungua kumbukumbu za seva, zile zinazoandika kila anayejaribu kuingia, nikakuta wageni wanabahatisha neno la siri, dakika baada ya dakika. Wala si watu hasa, ni programu zinazozunguka duniani zikitikisa kila kitasa. Damu ilinichemka. Nikabadilisha neno la siri, nikaweka refu lenye herufi kubwa, ndogo na alama, nikamtumia mdogo wangu kwa ujumbe. Kisha nikaweka sheria: atakayekosea mara tatu afungiwe. Programu yangu ya ulinzi ilipendekeza dakika kumi. Mimi nikaweka milele. Ndivyo nilivyo, nikinuna nimenuna.

Ikawa raha yangu ya asubuhi, kunywa chai huku nikisoma orodha ya waliofungiwa, namba tupu zisizo na majina.

Ijumaa mbili zikapita bila sauti ya baba. Sikupiga simu. Sikukuu iliyopita nilikwaruzana na baba kuhusu kuuza kipande cha shamba, nikamwambia mbele ya watu kwamba mambo ya shamba nisiulizwe tena. Nikasubiri waanze wao. Ijumaa ya tatu simu ikaja, na ilikuwa ya msiba.

Makaburini wazee walibishana. Baba alitaka alale ubavuni mwa mama yake, na hakuna aliyekuwa na uhakika ni kaburi lipi. Rekodi zilikuwa zimekatika kabla baba hajafika kwenye habari za makaburi, tukachimba kwa kukisia. Niliona aibu.

Tuliporudi nikamvuta mdogo wangu kando, nikamuuliza kwa ukali mbona aliacha kurekodi.

"Kwani si ulitufungia, kaka?" akasema. "Lile neno lako gumu, nililikosea mara tatu. Baada ya hapo hata nikiandika sawasawa linakataa."

"Mbona hukunipigia?"

"Ungenifokea. Nikamwambia baba tu, kaka kafunga."

"Akasemaje?"

Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Akasema, mwache, alishasema asiulizwe. Tangu hapo hakutaka tena kurekodiwa."

Nikaanza kumweleza kuwa ile ni programu tu, haimjui mtu, inafungia yeyote anayekosea. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini wa kuelezwa hakuwa yeye, na wa kuelezwa tulikuwa tumetoka kumfukia.