Bahasha Iliyopigwa Laminesheni

Kwetu Lupepo karatasi haikai. Mvua ikianza kunyesha inasahau kuacha, na hata siku isiyonyesha ukungu unateremka kutoka mlimani na kuingia ndani bila hodi. Viatu ukiviacha uvunguni wiki mbili unavikuta vimeota kuvu. Cheti changu cha kidato cha nne kiliishia hivyo hivyo. Baba alikiweka kwenye sanduku la bati, chini ya nguo zake za kanisani, na siku nilipokihitaji tulikikuta kimegandana na kitabu cha nyimbo, kimejaa madoa meusi, jina langu halisomeki. Nilihangaika karibu mwaka mzima kupata kingine. Baba alinyong'onyea. Mimi nilikuwa na haraka zangu za ujana, sikumwangalia mara mbili.

Naanza na cheti kwa sababu ndicho kilichozaa yote haya. Na niseme mapema kwamba naandika nikiwa nimechoka, msomaji asije akatafuta uchangamfu hapa akaukosa.

Nataka kuwa daktari. Hapa nchini ukitoka kidato cha sita unaingia moja kwa moja kwenye udaktari, na mimi kemia ilinikosesha nafasi kwa kitu kidogo tu. Nikapata ufadhili wa kusoma sayansi ya viumbe India. Nikaenda, nikamaliza, nikarudi na shahada yangu. Kule chuoni wenzangu walikuwa wameniambia kwamba Marekani udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo mtu kama mimi bado ana njia. Nilifurahi kama mjinga.

Nikirudi jioni kwenye chumba changu cha kupanga Bulyaga, mjini Tukuyu, naweka bando kwenye simu, nafungua ukurasa wa shule moja baada ya nyingine. Kila ukurasa una picha za vijana wenye makoti meupe wanacheka. Mimi nawapita wote, nateremka mpaka chini kabisa, kwa sababu habari za watu kama sisi huwekwa chini kabisa: wanafunzi wa kigeni wenye shahada za nje. Aya yenyewe ni fupi. Wengine hawatupokei, basi. Wengine wanataka tusome kwanza mwaka au miwili nchini kwao ndipo tuombe. Wengine wanasema shahada yetu ipelekwe kwenye ofisi fulani ikapimwe, na ofisi hiyo ikikubali kwamba shahada ni shahada, ndipo watafikiria. Nimesoma aya hiyo mara nyingi mpaka nikiona maneno yake mawili ya kwanza najua itakoishia. Nilikuwa na daftari la majina ya shule, kurasa mbili zimejaa. Nikawa nakata, nakata, hatimaye ikabaki shule moja.

Huku nyuma watu walishaanza kuniita dokta. Aliyeanzisha ni baba, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, na neno likasambaa kata nzima. Mimi nauza kwenye duka la dawa, na kina mama wa Lupepo wakija mjini sokoni wanapitia kwangu, wanapandisha gauni, wananionyesha goti. Nawaambia mama yangu, mimi si daktari. Wananijibu, utakuwa tu, haya liangalie. Naliangalia goti, nifanyeje.

Sasa ile shule moja iliyobaki ilitaka shahada yangu ipimwe. Ofisi ya kupima nayo ikataka matokeo yangu ya chuo, yale tunayoyaita transkripti, yawe ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, mhuri umepigwa pale inapofungukia. Mwenye matokeo haruhusiwi kuifungua. Akiifungua, hata kama hakugusa kilichomo, ameshageuza matokeo yake kuwa karatasi ya kufungia maandazi. Na chuo hakimtumii mtu mwingine isipokuwa mwanafunzi mwenyewe, tena kwa anwani aliyoiandika siku alipojiandikisha. Siku hiyo mimi nilikuwa na anwani moja tu duniani, sanduku la barua la kanisa la kwetu. Mwinjilisti huchukua barua posta Tukuyu, na baada ya ibada anasoma majina, wenyewe wananyoosha mikono.

Nikampigia baba simu. Mvua ilikuwa inapiga bati la kwao, nikalazimika kupayuka. Nikamwambia kuna bahasha yangu inakuja kutoka India, ni ya maana sana kuliko zote, aitunze isipate unyevu. Sikusema isifunguliwe. Mtu hamwambii baba yake mzazi asifungue bahasha ya mwanawe, na nilidhani ule mhuri utajieleza wenyewe.

Baada ya majuma kadhaa baba akatokea Bulyaga mchana, mkungu wa ndizi begani, amevaa koti lake la Jumapili wakati siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nikapiga goti nikamwamkia, nikampokea ndizi. Hakutaka chai kwanza. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kitu kinachong'aa.

Alikuwa ameipeleka bahasha yangu steshenari, ikapigwa laminesheni. Kurasa zote tano za matokeo yangu zilikuwa zimebanwa ndani ya plastiki ngumu, moja moja, kingo zimekatwa vizuri. Na bahasha vilevile. Aliona mhuri ni mzuri, akaona si vizuri upotee, kwa hiyo bahasha ikachanwa, ikakunjuliwa, ikapigwa plastiki yake peke yake.

"Hizi kalatasi sasa hata uzitumbukize mtoni," akasema. "Kuvu haliingii humo. Nimejaribu na maji."

Alikuwa amejaribu na maji kweli. Akachukua kikombe changu akamwagia ukurasa wa kwanza mbele yangu, maji yakateleza yakaanguka sakafuni, akanitazama aone uso wangu.

Nilikasirika, sifichi. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Niliona miezi ya kubembeleza chuo kwa barua pepe imeyeyuka kwenye mashine ya steshenari. Lakini mzee alikuwa amesimama pale na kikombe mkononi, anangoja. Nikamwambia, "Ndaga fijo, tata," nikamshukuru kwa lugha yetu, kwa sababu kwa Kiswahili sauti isingetoka sawasawa. Akakaa, akanywa chai, akala na mkate. Alipoondoka nikajifungia nikalia.

Kesho yake hasira zote nikazipeleka kwa mwenye steshenari. Ni mzee wa Kiislamu, wazazi wake walihamia Tukuyu kutoka pwani, na nusu ya vyeti vya wilaya hii vimepita mikononi mwake. Nilimsalimia shikamoo huku nimenuna. Nikamuuliza, mzee wangu, na miaka yote hii ya kazi, hukuuona mhuri ule?

"Niliuona, binti," akasema. "Nikamuuliza baba yako, hii si ya kupeleka mahali? Akasema ni ya mwanangu, nimeambiwa niitunze. Akanisimulia habari za cheti kilichooza. Alisimama hapa hapa juu ya mashine, kila karatasi ikiingia ananiambia polepole, polepole. Sasa mimi ningemkatalia kwa lipi?"

Nikamweleza kwamba bahasha ikishafunguliwa haina kazi tena, na nikamwomba sana asije akamwambia baba. Akaahidi.

Nikaandika chuoni upya. Nikaomba wanitumie Bulyaga, kwenye sanduku la mwajiri wangu. Wakajibu kwamba anwani ni ile iliyosajiliwa. Nikaomba tena, wakajibu vilevile, neno kwa neno. Nikakubali. Safari hii nilimpigia mwinjilisti na si baba, nikamsihi bahasha ikifika anipigie mimi, asilisome jina langu kanisani. Kisha nikaanza kungoja. Mwisho wa ile shule kupokea kila kitu ulikuwa Ijumaa moja ambayo niliiandika ukutani kwa penseli, karibu na kitanda.

Baba alikuwa akipiga simu ananiuliza, "Wamesemaje wale wa kalatasi?" Namjibu, bado wanaangalia, tata. Baadaye akaacha kuuliza. Nikadhani amesahau, nikashukuru.

Ijumaa ile ikafika, ikapita. Niliuza panado na dawa za kikohozi mpaka jioni, nikafunga duka, nikafuta penseli ukutani. Cha ajabu sikuumia nilivyotarajia. Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo. Kuna mwalimu mkuu wa sekondari moja ya huku alikuwa ananiomba tangu mwaka jana nikafundishe baiolojia, na mimi nilikuwa namzungusha. Jumatatu nikamtumia ujumbe kwamba nitakuja kesho tuongee. Nilikuwa nimeamua. Ningefundisha watoto wa watu habari za moyo na mapafu, ningenunua sweta zuri, ningeacha kusoma zile aya fupi za chini.

Jumanne asubuhi mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa mlangoni na mwavuli, nimevaa vizuri kwa ajili ya mwalimu mkuu, nikamwona baba anaingia uani. Alikuwa na shati tupu, limemganda mwilini, mbavu zinaonekana. Koti la Jumapili alikuwa amelikunja, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kichanga.

Sikupata hata nafasi ya kumwamkia. Akaingia ndani, akaweka koti mezani, akaanza kulikunjua. Ndani yake mfuko wa mbolea uliooshwa. Ndani ya mfuko wa mbolea kulikuwa na mfuko wa sukari, na ndani ya huo kitambaa cha mezani cha mama. Kisha bahasha. Ilikuwa kavu. Mhuri upo palepale, nusu huku, nusu kule.

"Sijaifungua," akasema. "Hata kuibonyeza sijaibonyeza. Mwinjilisti ameileta nyumbani leo alfajiri, simu yako haikupatikana. Mama yako alitaka kuishika, nikamkataza."

Nikamuuliza alijuaje kwamba haifunguliwi.

"Yule wa steshenari aliniambia. Siku nyingi. Aliona siwezi kukaa bila kujua." Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini hakutaka taulo. "Niliona haya kukuuliza tena. Nimekuharibia mara mbili, mwanangu. Kile cheti, halafu zile kalatasi. Nikasema ya tatu hapana, hata kama nitatembea uchi."

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Nimechelewa?"

Ijumaa ilikuwa imepita siku nne. Mwalimu mkuu alikuwa ananingoja. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na nilikuwa na haki ya kulisema. Nilimtazama mzee wangu, maji yanamtiririka kutoka kwenye mvi, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini, na macho yake yote yako mdomoni kwangu.

"Hapana, tata," nikasema. "Umewahi."

Akakaa. Alikaa kwa ghafla, kiti kikalia. Akaomba chai, akanywa vikombe viwili mfululizo, na ndipo akakubali taulo. Mimi nilikuwa nimegeukia jiko nikijifanya natafuta sukari. Neno moja lilikuwa limenifunga mwaka mwingine mzima, fomu zote upya, barua zote upya, aya zile fupi upya, na hakuna aliyenilazimisha. Nikamtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba nimepata dharura. Sidhani kama ataniomba tena.

Nilimwambia baba apumzike, nitaipeleka bahasha posta mwenyewe. Akakataa. Akasema akiiona imeingia kwa watu wa posta ndipo atalala vizuri. Tukatoka pamoja chini ya mwavuli mmoja, yeye amevaa sweta langu, bahasha ameibana kwapani ndani ya kitambaa na mifuko yake yote miwili. Njiani watu wakamsalimia, naye kila aliyemsalimia akamwambia tunapeleka kalatasi za dokta.

Posta hapakuwa na watu. Dada wa kaunta akaipokea, akaigeuza, akautazama mhuri, akaiweka kwenye mizani. Kwa mwaka unaofuata ilikuwa na muda wa kutosha kufika hata kwa mtumbwi.

"Ya haraka au ya kawaida?" akaniuliza.

Baba alikuwa amesimama ubavuni kwangu, kidevu kimefika kwenye kaunta, anasikiliza.

"Ya haraka," nikasema.