Bosi wa Makontena Hataki Stelingi Afe

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku Al Nahda nikipita watu wananiita Shujaa na sitaki kesi.

Wana ukurasa, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na miwili, Mtanzania, nimekanyaga Muscat, nimekanyaga Doha, sasa niko Dubai, na kwa bahati sina mpinzani. Wenzangu walikuja huku wakapewa fagio. Mimi pia nilipewa fagio, kwenye ukumbi wa sinema ndani ya jumba la maduka, lakini juu ya fagio nikapewa na ustelingi. Bosi mmoja, mtu wetu wa nyumbani, anasafirisha mizigo ya watu kwa makontena, ofisi yake Al Baraha, alikuwa anatafuta sura ya kuigiza shujaa. Vijana tulijaa chumba kizima. Akaniangalia mara moja tu, akaninyooshea kidole: "Huyu. Wengine nendeni mkale." Kuna watu wanafunga na kusali, kidole kama kile hawakipati.

Filamu yenyewe aliibuni rafiki yangu, Mkenya, tumwite Wafula. Tunalala chumba kimoja. Kazi yake ni kusafisha vioo vya maghorofa akining'inia kwenye kamba, na shujaa wake naye ni msafisha vioo. Hasemi neno. Anafuta kioo, akiona ndani mtu yuko hatarini, anavaa barakoa anaingia kumtoa. Sehemu ya kwanza na ya pili tulizipiga siku zetu za mapumziko, tukaziweka mtandaoni, zikapendwa mpaka Mombasa. Sehemu ya tatu ndiyo ya mwisho: shujaa aliyewadaka wote anaanguka yeye, na hakuna wa kumdaka. Wafula alikuwa na mwenzake kazini, kijana wa kwao, alianguka akafa. Aliniambia mara moja tu, akanywa chai yake, basi. Filamu nzima ni ya yule kijana.

Sasa njooni kwa Bosi. Mwanzoni alinunua kamera na vazi, akasema, "Fanyeni vijana, mimi sinema sielewi." Laiti angebaki hapo hapo kwenye kutoelewa. Watazamaji walipoanza kumiminika akaelewa sinema ghafla, kama mtu aliyeoteshwa. Kwanza vazi liwe na rangi za kampuni yake, njano na kijani, nikabaki kama kasuku aliyefukuzwa kazi. Kisha shujaa akishamwokoa mtu, amkabidhi na boksi la mzigo. Mtu katoka kwenye moto, nywele zinafuka moshi, wewe unampa boksi. Kisha akaleta jamaa wa kutafsiri, kama wale wa vibanda vya video nyumbani, aongee juu ya picha mwanzo mwisho: "Sasa stelingi anafuta kioo. Sasa stelingi ana huzuni." Tunaona ana huzuni, mjinga wewe, kwani sisi vipofu?

Hapo alikuwa bado hajasikia kwamba stelingi anakufa. Aliposikia, alituita ofisini sote wawili.

"Wafula, tangu lini stelingi akafa?"

"Huyu anakufa, bosi. Hadithi ndiyo inataka hivyo."

"Hadithi haikununua kamera. Maiti haiuzi nafasi kwenye kontena, kijana. Mimi nataka ya nne, ya tano, ya kumi."

"Basi huyo si mtu tena, bosi. Hilo ni tangazo limevaa barakoa."

"Khalas. Acha kamera mezani."

Wafula akaiweka taratibu, kama anayelaza mtoto, akatoka. Bosi akanigeukia mimi, anatabasamu. "Ya tatu utaongoza wewe. Ukianguka unainuka, unajipangusa vumbi, unaonyesha boksi. Sura yako naibandika kwenye malori yangu yote kule nyumbani."

Msidhani huu ni ushamba wa Al Baraha peke yake. Mimi naingia ukumbini filamu inapoisha, ili nifagie, kwa hiyo hizi filamu kubwa za mashujaa nimeona miisho yote, mianzo siijui. Mwisho ni mmoja. Majina yanapanda, watu wamekaa na bisi zao, mimi nimesimama na fagio langu, halafu kinakuja kipande cha mkia kuwaambia shujaa yupo, rudini na pesa. Nawasikia wakitoka wananung'unika kwamba muongozaji alibisha, akatolewa, akawekwa mtiifu amalizie. Wenye studio wale wana majumba na ndege, na akili ni ile ile ya Bosi wa makontena: shujaa ni ng'ombe, anakamwa, hachinjwi.

Lakini kudharau ni rahisi, mimi nadharau hata nikiwa usingizini. Shida ni kwamba tunapiga Ijumaa hii. Nikikataa, Bosi ana vijana tele wa kuvaa lile vazi. Nikikubali, yule marehemu anageuzwa kuwa tangazo la boksi, na mwili unaoinuka ni wangu. Mama yangu Morogoro ameshawaambia majirani kuhusu malori. Na Wafula hata hajanigombeza. Jana alikuwa anapiga pasi, akasema bila kunitazama, "Buda, ukitaka ipige, siwezi kukukataza. Lakini ukiinuka pale chini, jua kuna mtu hakuinuka."

Wenye busara na wenye matusi, wote nawasikiliza: Ijumaa niinuke au nilale pale pale chini?

Na kabla hamjanijibu, ile habari ya kidole ni uongo. Bosi alimnyooshea jamaa mwingine, mrefu, mwenye meno mazuri. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa nikale. Wafula ndiye aliyesema bila mimi hapigi hata picha moja.